Kicheko cha Ramazani ndani ya masini

Kalemie, Jumapili. Mvua imenyesha asubuhi nzima kisha ikakatika ghafla, na sasa ziwa lina rangi ya chai ya maziwa. Umeme upo. Nimekaa mezani na masini, maana hapa kwetu kompyuta tunaiita hivyo. Macho yamenivimba, lakini nikijichunguza naona nina furaha. Sijui kama inaruhusiwa. Matanga bado hayajaisha.

Kaka yangu Ramazani alifariki kwa homa huko Nampula, Msumbiji. Alikimbilia huko vita vilipofika barabara ya Nyunzu, akawa fundi cherehani. Aliyetupasha habari ni jirani yake, na alipotupigia walikuwa wameshamzika. Sisi hatukuona sanda wala kaburi. Nadhani ndiyo sababu Mama hakulia. Alikaa tu kwenye mkeka akipokea watu na kuwauliza kama wamekunywa chai.

Ramazani alikuwa akitupigia kwa intaneti kila Jumapili. Nilikuwa navaa kaske masikioni, ile yenye kipaza sauti kidogo mbele ya mdomo, kwa sababu nyumba imejaa ndugu waliokimbia kutoka upande wa Ankoro, na bila kaske humsikii mtu. Akicheka nilikuwa naishusha shingoni haraka. Kicheko chake kilikuwa kinapasua masikio.

Mama alikuwa anakaa karibu yangu, goti kwa goti. Lakini kaske hakukubali kuivaa hata siku moja.

"Mimi nikisikia sauti yake ntalia," alikuwa anasema. "Na yeye akisikia nalia, naye atalia. Mega zote za intaneti ziishe kwa kilio? Ongea naye weye. Mimi ntasikia kwa mudomo yako."

Basi nikawa mdomo. Ramazani anasema, namwambia Mama. Mama anajibu, namrudishia Ramazani. Wakigombana, nilikuwa nagombana na nafsi yangu.

"Lakini umuweke mule ndani ya masini," Mama aliniambia. "Siku vita itaisha na roho yangu itatulia, ntamusikia yote pamoja."

Nikamweka. Kila Jumapili, kabla ya simu, nilibonyeza kile kitufe chekundu cha kurekodi. Nikisema neno, kamstari ka kijani kanaruka, nami naridhika. Sikuwahi kuzisikiliza zile simu. Zilikuwa za Mama. Kuzifungua kabla yake niliona ni sawa na kuonja chakula cha mtu kilichofunikwa.

Juzi akaniambia yuko tayari. Vita havijaisha, roho haijatulia, lakini arobaini inakaribia na mashangazi wanakuja kutoka Kabimba.

"Sikumuzika," alisema. "Basi nimusikie. Siombi kingine."

Leo asubuhi, Mama akiwa anaoga, nikafungua simu moja ili nipime sauti.

Ni mimi peke yangu.

Nikafungua nyingine. Mimi. Nyingine tena. Mimi nasema "ee," kimya kirefu, mimi nasema "kweli?", kimya. Hapo ndipo nilipoelewa. Masini ilikuwa inachukua kile tu kilichopita kwenye kipaza sauti changu. Sauti ya Ramazani ilipita kwenye kaske, ikaingia masikioni mwangu, ikaishia humo. Na mimi nilikuwa nakaangalia kale kamstari ka kijani nikidhani kanaruka kwa ajili yetu wote wawili.

Nilifikiria kusema masini imekufa. Watu wangeniamini, vitu vinakufa kila siku hapa. Lakini Mama akatoka chumbani amevaa kitenge chake cha sikukuu, amejifunga kilemba, amejipaka mafuta. Alikuwa amejipamba kwa ajili ya kupokea mgeni.

Nikashindwa kudanganya.

"Mama, sauti yake haimo. Nimo mie tu."

 Akavuta kiti, akakaa goti kwa goti na mimi, kama zamani.

"Fungua."

"Mama, nakwambia haimo."

"Zaina. Nimevaa vizuri hivi nirudi kulala? Fungua."

Nikafungua. Sauti yangu ikatoka: "Anakusalimia, Mama. Anauliza kama umekunywa dawa." Na kwa mbali, sauti ya Mama mwenyewe: "Mwambie nimekunywa!" Halafu kimya.

Mama, hapa pembeni yangu, akasema polepole ndani ya kile kimya: "Hapo alisema mimi muongo."

Na mimi wa kwenye masini nikafuata: "Anasema we muongo, Mama."

Tukatazamana. Nikacheka kidogo, kwa woga. Yeye hakucheka. Alisogeza kiti karibu zaidi, na kimya kingine kilipokuja akakijaza tena. "Hapo aliuliza kama bado tunakula ndakala." Kweli, aliuliza ndakala, dagaa wetu wa ziwani. "Hapo alitaka kujua kama binamu yenu amerudi Ankoro." Kweli. Sikujua kwamba mtu anaweza kumfahamu mwanawe kwa urefu wa kunyamaza kwake.

Binamu mwenyewe akachungulia mlangoni. "Mama, munaongea na nani humo?"

"Na asiyekuhusu. Funga mulango."

Tukafika ile simu ya suruali. Ramazani alimshonea mteja suruali, mguu mmoja ukatoka mfupi, na mteja akaipenda akidhani ni mtindo. Nakumbuka alivyonisimulia. Kwenye masini nasikika nikisema, "Acha uongo!" Kisha kukasikika mkwaruzo wa kitu kinachovutwa, na baada yake sauti nyembamba sana, kama redio ya nyumba ya tatu.

Ramazani anacheka.

Nilikuwa nimeshusha kaske. Ilikuwa shingoni mwangu, karibu na kipaza sauti, na kicheko kikatoka humo kikaingia.

Mama alifungua kilemba, akanyoosha mkono. Nikamvalisha kaske, nikaongeza sauti, nikarudisha pale pale. Sikuwa nasikia kitu tena. Niliona uso wake tu. Machozi yalishuka hadi kidevuni, yale aliyoyanyima mkeka muda wote huu, na hakuyafuta.

"Anasema nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Hasemi kitu," Mama alijibu kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya watu waliovaa kaske. "Anacheka tu. Mutoto huyu!"

Akanifanya nirudishe tena. Na tena. Mwishowe naye akawa anacheka huku analia, na binamu akafungua mlango bila kubisha, akatuona, akaurudisha polepole.

Nikamuuliza mashangazi tutawaambia nini, maana walikuwa wanakuja kusikia simu nzima.

"Mimi ntavaa," alisema. "Wao watasikia kwa mudomo yangu."

Sasa amelala, alasiri hii, na kitenge chake cha sikukuu. Nataka kuzipitia simu zote, moja moja, nitafute kila mahali Ramazani aliponichekesha hadi nikashusha kaske. Huenda ni pengi. Alikuwa mtu wa kucheka.

Ila kwanza itabidi niiombe kaske. Ameiweka chini ya mto wake.