Maji ya Kutobolea Mwamba

Dada Consolatha,

Shikamoo. Natumaini wewe na watoto ni wazima hapo Puge, na kwamba mvua imewafikia. Mimi hapa Tabora sina ugonjwa, nina hasira tu.

Mdogo wetu Festo bado amelazwa hospitali ya Kitete. Daktari amenieleza kwamba hana kifua kikuu, kwa hiyo kile kikombe mlichomtengea kichanganyeni na vingine. Kilichojaa mapafuni mwake ni vumbi la mwamba, na halitoki tena.

Nilimbana Festo anieleze. Akasema mashine ya kutobolea mwamba ina mpira wa maji, na maji yakipita tunduni vumbi hugeuka tope. Lakini maji huletwa kwa gari kutoka mbali, na tope huchelewesha kazi, basi nyapara wao huufunga ule mpira. Anayelalamika huambiwa kama anataka kuoga arudi kwa mama yake. Hebu fikiria, dada! Wanajenga bwawa la kunywesha wilaya nzima, halafu anayewatobolea mwamba ananyimwa maji ya kulaza vumbi! Babu zetu walibebeshwa pembe za ndovu hadi pwani, nyapara akiwafuata na kiboko. Leo tunahutubiwa maendeleo, na nyapara bado yupo.

Sasa nakuambia jambo ambalo Festo aliniapisha nisikuambie. Nyapara huyo ni mumeo, Mahona. Yeye ndiye aliyemtafutia Festo kazi, na Festo amekohoa mbele yako akanyamaza, asije akakuvunjia nyumba.

Nilimpigia shemeji simu. Hakukana. Alisema naye ana wakubwa wake, na kwamba Mnyamwezi hakuzaliwa kuogopa vumbi. Jumapili anakuja Puge kuchukua vijana wengine. Nikamuuliza kama Emilian, mwanenu, naye atashika mashine. Akajibu kwamba huyo atakaa stoo.

Kumbe anajua! Anajua kabisa, ila mapafu anayoyahurumia ni ya mwanawe tu.

Najua nakutaka ugombane na mume ndani ya nyumba yako. Hata hivyo, waambie kina mama wa jumuiya yenu kabla hajafika, wasiwatoe watoto wao. Akiuliza nani amesema, nitaje kwa jina.

Nisalimie Emilian na wadogo zake, na Mama Apolinaria jirani yako, ambaye nasikia mwanawe ameshafunga begi. Mumeo simpi salamu.

Nduguyo,
Damas