Ukurasa Wangu wa Barabara ya Kabambare

Jumanne, 10 Februari

Nimechaji simu kwa jirani mwenye paneli ya jua. Nimechambua mchele. Nimefua nguo zote isipokuwa shati la buluu la Faustin. Hilo silifui. Bado lina harufu yake pale shingoni.

Kisha nimefungua tovuti yetu. Msomaji mmoja tu. Ni yeye.

Namwona kabisa. Amepanda kilima kilicho nyuma ya shule yake kule Wamaza, ameinua simu juu kama mtu anayechuma papai, mpaka rezo, yaani mtandao wa simu, ikaingia. Sauti haipiti pale. Ujumbe hufika umechelewa, au haufiki. Lakini ukurasa wa maandishi matupu unafunguka. Leo mume wangu amenisoma. Nimefurahi mpaka nimeunguza mboga ya sombe.

Alhamisi, 12 Februari

Mvua tangu asubuhi. Sina la kufanya ila kumkumbuka.

Tulifunga ndoa Desemba. Mwezi haujaisha vizuri, akapewa kazi ya kufundisha hesabu Wamaza, kwenye barabara ya kwenda Kabambare. Mimi nimebaki hapa Kasongo kwa mama yake mpaka apate nyumba kule. Ndiyo ndoa yangu: mume upande ule wa matope, mimi upande huu.

Tovuti tuliiwaza tukiwa wachumba. Alisema tutajenga nyumba mbili, moja ya matofali na moja ya maneno, na ya matofali itangoja. Tukaiita Njia ya Kwetu. Alitaka kitu ambacho watoto wetu watakisoma wakiwa wadogo shuleni na hata wakiwa wazee. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi.

Kaka yangu Bosco, anayetengeneza simu Kindu, ndiye aliyeisimamisha, nyepesi kama karatasi. Kazi ya kuijaza ni yangu. Kanuni za Bosco ni chache. Andika kitu ambacho mtu anakitafuta. Kichwa kiseme kilichomo ndani. Na subira. Tovuti ni mchikichi, anasema, haizai mwaka unaoupanda.

Jumatatu, 16 Februari

Aibu. Nilikuwa nimejaza kurasa za historia ya Kasongo, nilizozinakili huku na kule. Tena mtu mmoja alinidanganya kwamba ukirudia jina la mji mara nyingi, tovuti hupanda juu watu wanapotafuta. Nikalirudia katika kila sentensi.

Bosco amepiga simu akicheka mpaka akakohoa.

"Dada, hii ni tovuti ao ni mutu anaita mbuzi yake? Kasongo, Kasongo, Kasongo."

Halafu akaacha kucheka. Akasema hayo niliyonakili yapo tayari kwa wengine. Mtu akitafuta, kwa nini aletwe kwangu? Niandike ninachokijua mimi.

Nimefuta vyote. Nimekaa. Ninachokijua mimi ni masikio ya Faustin. Yanatangulia kucheka kabla ya mdomo. Hakuna anayetafuta hilo kwenye intaneti.

Jumamosi, 21 Februari

Nimeshindwa kuvumilia. Nimekwenda kwenye parking ya pikipiki zinazotoka upande wa Kabambare, nimuulize mtu yeyote kama amemwona.

Motari mmoja, dereva wa pikipiki aitwaye Saidi, matope mpaka magotini, alikuwa ameshuka saa hiyo hiyo.

"Mwalimu Faustin? Iko muzima. Amekonda kidogo tu. Iko na njaa ya bibi yake."

Wenzake wakacheka. Mimi nikataka kumkumbatia.

Nikamuuliza barabara ikoje. Nilitaka tu kujua ni kitu gani kinanizuia kumpata. Akanieleza yote: tope jeusi baada ya shamba la mihogo, mahali pa kushuka na kusukuma, daraja la magogo ambalo gogo lake la katikati limeanza kuoza. Nilirudi nyumbani nikiwa naiona njia nzima, na yeye mwishoni mwake.

Nikaiandika kwenye tovuti. Kichwa: Barabara ya Kasongo hadi Kabambare, leo iko namna gani. Nimeandika kwa ajili yangu.

Ijumaa, 27 Februari

Wasomaji wawili.

Mmoja ni yeye. Wa pili ni nani? Nimeona wivu, kama mtu aliyemkuta mgeni amekaa kwenye kiti cha mume wake.

Jumatano, 4 Machi

Maneno yamefika nyumbani. Huku kwetu bibi-arusi hazururi. Mwaka wa kwanza mahali pake ni uani kwa mama mkwe, watu wamzoee. Mimi nimekuwa kila jioni kwa wanaume wa pikipiki. Jana jirani alisimama mlangoni na kusema kwa sauti ya kunisikizisha:

"Mama, bibi-arusi wako anatafuta nini mu parking ya bamotari? Ao bwana moja haitoshi?"

 Mama mkwe akaendelea kukanda unga wa mandazi. Nikamweleza, machozi yakinitoka, kuhusu ukurasa, na kwamba kila jioni kuna mtu ameona barabara ambayo mtoto wake atapitia. Hajui kusoma. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema unga umezidi maji.

Leo asubuhi amebeba mbabula yake, jiko la makaa, kichwani, ile ambayo miaka yote imekaa mbele ya nyumba.

"Beba ndoo. Kule bateja iko mingi."

Tumekaa parking siku nzima, mama na mkamwana, tukiuza mandazi. Jirani amepita mara mbili.  Ninampenda mama huyu. Ana masikio yale yale.

Jumapili, 15 Machi

Kazi imepata mwendo wake. Nauliza motari wawili ambao hawakusafiri pamoja. Wakikubaliana, naandika. Wasipokubaliana, sibadilishi kitu mpaka wakubaliane. Juu kabisa naweka tarehe. Picha nazipunguza mpaka ziwe ndogo, maana mwenye rezo ya kilimani hawezi kungoja. Nimeongeza kurasa nyingine: wapi pa kulala njiani mvua ikikukuta, nani anaziba tairi Wamaza, mpunga na mawese yanapitaje msimu wa tope. Kila ukurasa unampeleka msomaji kwenye mwingine, kama vijiji vinavyopokezana mgeni. Hakuna nilichonakili. Motari wanagombea kunieleza. Saidi anasema asipotajwa anasikia vibaya.

Wasomaji sasa ni wengi. Wafanyabiashara, wanafunzi, watu wa Kindu wenye ndugu Kabambare.

Ningefurahi kamili. Lakini zamani ile namba ilikuwa yeye. Niliifungua nikamwona. Sasa ameingia humo kama mtu aliyeingia sokoni siku ya soko, natafuta mgongo wake na migongo yote inafanana. Nilijenga nyumba, watu wakajaa, sasa simwoni mwenye nyumba.

Jumanne, 24 Machi

Saidi ameleta maneno ya mdomo kutoka kwake. Ameyasema akiwa amesimama wima kama mtoto anayekariri.

"Mwalimu anasema: Pasaka anakuja. Anasema hataulizia mutu barabara. Atasoma ukurasa ya bibi yake. Ukiandika inapitika, Alhamisi kuu anafunga shule, Ijumaa asubuhi anapanda pikipiki."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Akadai mandazi.

Anakuja. Mume wangu mzuri anakuja.

Jumatatu, 30 Machi

Mama mkwe amenunua kuku, jogoo mwekundu, amemfunga mguu uani. Nimepiga deki. Nimesuka nywele. Nimefua shuka ya harusi, ile nyeupe. Shati la buluu bado sijaligusa.

Ukurasa unasema: inapitika, shuka darajani usukume. Motari wawili, neno moja. Nimeusoma mwenyewe kama barua ya mapenzi.

Alhamisi, 2 Aprili

Mchana Saidi amefika kwa miguu.

Jana mvua kubwa imenyesha upande wa juu, mto umejaa, daraja limekwenda lote. Motari mwenzake alitaka kuwahi. Maji yalimchukua, akanaswa kwenye mizizi. Yuko hai, mkono umevunjika. Saidi alikuwa upande wetu wa mto, ameacha pikipiki kijijini kwa sababu ya tope, akatembea.

Ukurasa ulikuwa bado unasema inapitika. Nilishika simu. Sikuandika.

Nasema ukweli hapa, maana daftari hili nalisoma peke yangu. Niliwaza hivi: kanuni yangu ni mashahidi wawili. Ninaye mmoja. Ngoja wa pili afike. Na wa pili angefika kesho, na kesho Faustin angekuwa ameshapanda pikipiki. Angefika mtoni. Ni mwerevu, angeona njia. Angevuka kwa mtumbwi. Jumamosi angekuwa mikononi mwangu. Niliwaza hayo yote huku mafuta yakichemka mbele yangu.

Mama mkwe akauliza, "Umeisha kuandika?"

"Bado, mama. Nangojea wa pili."

Akamtazama Saidi, miguu yake, matope yaliyokauka mpaka kiunoni. Akageuza andazi.

"Mutu mwenye iko na pikipiki na anatembea kwa miguu, huyo ni bawili."

Na Faustin ni mtoto wake. Na kuku ni wake.

Nikaandika. Daraja limechukuliwa na maji. Usipite. Usijaribu mtumbwi. Baki ulipo. Neno la mwisho, ulipo, sikuliona vizuri. Nimelia parking mbele ya watu wote na sijali.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Misa ilikuwa nzuri. Nimeimba bila kusikia nilichoimba. Nyumbani tumekula wali na maharage.

Kuku yuko uani. Mama mkwe amekataa kumchinja.

Ijumaa, 10 Aprili

Bosco amepiga simu, safari hii hakucheka. Anasema mtu yeyote akitafuta barabara ya Kasongo na Kabambare, ukurasa wangu ndio unaotangulia, juu ya tovuti za watu wakubwa wenye ofisi. Anasema sababu ni rahisi: watu wanaingia, wanapata walichotafuta, kesho wanarudi. Anasema mchikichi umezaa mapema.

Mama mmoja wa Kabambare ameniandikia. Alikuwa amefunga mizigo, mtoto mgongoni. Alisoma, akafungua mizigo.

Nimefurahi kwa ajili yake. Lakini ninaogopa. Mtu aliyetoka ng'ambo hajafika hata mmoja. Je, Faustin alipanda kilima ile Alhamisi? Rezo ilikuwapo? Au aliamini neno la Jumatano akaondoka alfajiri? Nafungua namba ya wasomaji, ni kubwa, ni nzuri, haina uso. Ningebadilisha wote kwa yule mmoja wa Februari.

 Mama mkwe ameunguza mandazi mara mbili leo. Hajawahi.

Jumanne, 14 Aprili

Watu wa vijiji vya pande zote mbili wamefanya salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, siku baada ya siku, wakikata magogo na kuyaburuta mpaka mtoni. Leo daraja limekaa.

Wa kwanza kutoka ng'ambo alifika kabla ya mchana. Sikumuuliza barabara. Nilimuuliza mtu.

"Yule mwalimu wa hesabu? Iko pale kwa daraja tangu Pasaka. Alisoma barabara imefungwa, akasema kama iko hivyo, anaenda kuifungua. Anabeba magogo, anapima na kamba, anasumbua kila mutu na hesabu zake. Amekuwa mweusi kama sufuria. Anasema kesho anapanda pikipiki kuja."

Mama mkwe alikaa chini, mikono yenye unga ikiwa mapajani. Kisha akampa kijana huyo mandazi yote yaliyokuwa kwenye sahani.

Alinisoma. Alipanda kilima, akanisoma, akaniamini.

Nilimngoja wa pili. Kanuni ni kanuni, na mara hii niliipenda. Alifika jua likielekea chini, akasema neno lile lile. Nikaandika: Daraja jipya. Inapitika. Shuka, usukume, washukuru waliobeba magogo.

Jumatano, 15 Aprili

Anga safi. Nimefungua ukurasa asubuhi. Wasomaji ni wengi kuliko siku zote, na leo najua kwa hakika kwamba yeye hayumo kati yao. Aliye njiani hasomi.

Mama mkwe ananoa kisu nyuma ya nyumba.

Nimefua shati la buluu. Liko kwenye kamba, linakauka.