Vigingi Vilivyochipua Kliniki

Nyumba yenye geti la kijani,
Chumba cha mbele, dirishani.
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa Wifi,

Pokea salamu zetu, nyingi kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. Hujambo wewe, na mgongo je? Shemeji bado anakohoa, au hatimaye ameachana na sigara? Na watoto, nasikia wanamaliza viatu kabla hamjamaliza kuvisifia. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo haujapata kuugua hata siku moja. Kaka yako ni mzima kupita kiasi, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Kaa vizuri.

Nimezishika habari hizi kwa wiki mbili sasa kama mtu aliyebeba sufuria ya moto bila kitambaa. Acha nizitue.

Unajua kaka yako alivyoacha kazi ya ghalani ili tufanye bustani za watu, mimi na yeye. Ulikuwa upande wetu, na sijasahau. Mama yeye alilipokea jambo hilo kwa namna yake. Alisema, "Nilimwombea mwanangu akae kivulini. Kumbe yeye kaenda kukiotesha." Tulipata kazi ndogondogo: kibaraza cha huyu, ukingo wa yule. Halafu bosi wake wa zamani akampigia simu. Kiti chake ghalani bado kiko wazi, akasema, lakini mvua zikiisha atampa mwingine. Usiku kaka yako alipanga mikasi yake kwa ukubwa, akaipangua, akaipanga tena. Nikajua anaagana nayo.

Ndipo daktari mwenye kliniki ya jirani akatuita.

Ni mama mrefu, wa maneno machache, mwenye kukuangalia kama anahesabu mapigo yako ya moyo. Uwanja wake wa mbele ulikuwa kichaka, Wifi, kichaka chenye vitanda viwili vya chuma ndani yake. Pembeni kulikuwa na wigo wa hibiskasi uliopita kimo cha mtu. Alituonyesha huo wigo kwa kidole. Mgonjwa mmoja aliwahi kukaa nyuma yake mchana kutwa akisubiri kuitwa, wala hakuna aliyejua yupo. "Huu ung'oeni wote," alisema. "Sitaki kuuona tena." Mbele ndiyo majaribio, akaongeza. Ikimpendeza, atatupa na uwanja wa nyuma, na utunzaji wa mwaka mzima. Isipompendeza, tuagane kwa amani. Kaka yako aliniangalia tu. Tulielewana: ikishindikana hapa, anarudi ghalani.

Basi tukaanza. Alikuja dereva wa katapila ambaye watu humwita Taratibu. Jina hilo naamini alipewa na mtu aliyelala usingizi, maana aling'oa kichaka, wigo, vitanda na bomba la maji kabla sijamaliza kufunga kitambaa kichwani. Bomba tulilitengeneza. Tukatoa mizizi na mawe, tukasawazisha kwa reki, tukamwaga samadi. Majirani walifunga madirisha, ila hakuna aliyelalamika. Nadhani walikuwa wanaogopa kufungua midomo.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Kaka yako hachori bustani kwenye karatasi. Anasema karatasi haioni mteremko. Yeye hupigilia vigingi, akafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, kisha humwambia mteja atembee humo. Daktari alitembea. Alipita kwenye njia ya kamba kutoka getini hadi mlangoni, akasimama mahali patakapokuwa na benchi, akageuka, akasema "sawa." Kwa hiyo bustani nzima ilikuwa pale chini, kwenye vigingi. Ukiving'oa, hakuna bustani. Kuna uwanja tu na mtu mwenye kamba.

Na vigingi vyenyewe? Kaka yako havinunui. Huvikata kwenye chochote tulichofyeka siku hiyo, kwa sababu kijiti kibichi hakipasuki ukikigonga nyundo. Safari hii tulikuwa tumefyeka nini, Wifi? Umeshajua.

Mvua zikashuka. Lori la udongo likashindwa kuingia, daktari akasafiri kikazi, sisi tukakaa nyumbani tukitazama mabati. Kaka yako alikonda. Mama alimwekea chakula, akamwambia, "Kula, ghalani hawaajiri fimbo."

Jua lilipotoka tulikimbilia kliniki. Mimi nilitangulia kufika getini, nikasimama, nikaziba mdomo. Vigingi vimechipua. Siyo kimoja kimoja. Njia nzima, kutoka getini hadi mlangoni, kushoto na kulia, mistari miwili ya majani mabichi iliyonyooka kama imepigwa rula. Vitalu vya chini ya madirisha vimezungushiwa majani. Mahali pa benchi, majani kwenye pembe zote. Ule wigo ambao daktari hakutaka kuuona tena ulikuwa umerudi, na safari hii umerudi na adabu.

Kijiti ukikipigilia kichwa chini hakichipui, kinakufa. Angekuwa mzembe, tungepona. Lakini mume wangu ni mtu makini; kila kigingi alikichonga ncha upande wa shina, sawasawa kabisa.

"Tuving'oe," nikamwambia.

"Niving'oe halafu nipande wapi?"

Tukakubaliana tupande kwanza: mche ukikaa mahali pake, kigingi chake kinatoka. Daktari alitarajiwa jioni. Tulifanya kazi kama wezi wa kuku. Mimi natandaza nyasi, yeye anachimba, anapanda, anang'oa, anatupa kwenye toroli na kufunika kwa gunia. Wagonjwa waliokuwa wanasubiri barazani wakageuka kuwa watazamaji. Bibi mmoja mwenye mkono uliofungwa bendeji ndiye aliyekuwa msemaji wao.

"Nyie mnapanda au mnang'oa?"

"Vyote, bibi," nikasema.

"Basi hamtamaliza."

Hatukumaliza. Daktari alifika saa nane mchana, mkoba bado begani. Vitalu tulikuwa tumeshavikamilisha, lakini njia yote ilikuwa bado ina majani yake. Akatembea katikati ya mistari ile miwili, polepole, akasimama. Akainama, akashika jani.

"Hii ni nini?"

Wifi, nilikuwa na majibu mazuri matatu. Nilikuwa niseme ni mapambo ya muda. Kaka yako akanitangulia, maana Mungu alimnyima kipaji hicho.

"Ni ule wigo wako, daktari. Vigingi nilivikata humo. Sikujua vitashika."

"Nilisema sitaki kuuona."

"Ndiyo. Nipe mpaka kesho, nitatoa vyote."

Nilimwona kaka yako akikunja kamba yake mkononi, ikawa donge dogo, na nikaona kabisa kile kiti cha ghalani kinavutwa, tayari kwa kukaliwa.

Bibi wa bendeji akasema kutoka barazani, "Mwache bwana. Imejipanga vizuri kuliko foleni yako, daktari."

Baraza zima likacheka. Daktari hakucheka, lakini aligeuka kumtazama bibi, na nadhani hapo ndipo alipogundua kwamba anamwona. Anawaona wote, kuanzia getini. Alisimama hapo akawatazama mmoja mmoja, kisha akayatazama majani, ambayo hayakufika hata nusu ya mguu wake.

"Iacheni," akasema. "Lakini isipite goti. Siku itakapopita goti langu, nitaiondoa, na nyie pia. Kwa hiyo mtakuja kila mwezi kuipunguza. Na nyuma mnaanza lini?"

Kaka yako, badala ya kushukuru, akauliza, "Goti lako na viatu, au bila viatu?"

Hapo daktari akacheka. Akavua viatu, akasimama kwenye nyasi zangu nilizotoka kutandaza, na kaka yako akamkatia kijiti cha ule wigo kwenye kimo cha goti lake, kiwe kipimo chetu, kwa heshima zote, kama fundi cherehani.

Usiku huohuo alimpigia bosi wa ghala. Nilimsikia akiwa uani: "Kiti mpe mwenye kukihitaji, mzee wangu. Mimi sikai tena." Kisha akakichomeka kile kijiti cha goti kwenye udongo kando ya pipa la maji, ili kisipotee, akaingia ndani, akala sahani mbili. Mama alimwongezea mchuzi.

Kesho Taratibu anakuja kufyeka nyuma. Nimeshawaonya watu wa bomba.

Mama anakusalimu, anasema ukija umletee kofia pana, maana sasa mwanawe ndiye ameamua kukaa juani. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na mfikishie salamu zangu yule jirani yako anayenishonea nguo kwa kuangalia picha tu. Mungu akutunze mgongo na akupe usingizi mzuri.

Mimi ninayekupenda na ninayekukumbuka hapa uani,
Wifi yako.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nikatoka kuchota maji, nimerudi kuifungua. Kile kijiti cha goti kimetoa majani, na la juu kabisa limeshapita pale alipokata. Kaka yako bado hajakiona. Naanza kufikiria daktari ataonekana ameongezeka urefu kiasi gani mwezi ujao.