Zahanati Katikati ya Mpunga

Shikamoo Mama,

Nakuandikia nikiwa juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu katikati ya mashamba ya mpunga, nakula wali na kambale wa kuchoma. Kiatu kimoja kimemezwa na tope.

Ile programu yangu ya kompyuta ilihesabu mapaa kwenye picha za setelaiti, ikatuchagulia kiwanja bora kuliko vyote cha kununua tujenge zahanati: hapahapa, karibu na kila mtu. Leo mimi na wenzangu wa kazini tumekuja kukinunua. Kumbe mapaa yote ni ya madungu! Watu huhamia huku msimu wa mpunga kufukuza ndege, wakishavuna wanarudi majumbani kwao, kule juu barabarani.

Mwenye shamba, Bi Mwanahawa, amecheka mpaka kashika nguzo. "Kuuza nitakuuzia, mwanangu. Lakini tukishavuna, mgonjwa wako atakuwa kiboko peke yake."

Kisha akanipakulia tena.

Nimekukumbuka mno, Mama. Na lile banda la kuku nililokupangia kwa programu hiyohiyo, usilijenge kwanza. Angalia kuku wenyewe wanalala wapi.

Mwanao,
Elia