Tangu Fundi Waya Aondoke

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji na wanao hawajambo? Goti lako je, limepoa au bado linakutabiria mvua? Sisi huku tu wazima, tunakula, tunalala, na tunagombana kwa wastani. Ningekupigia simu, lakini wewe hunikatiza kabla sijafika nusu, na habari hii nataka uipate mpaka mwisho.

Unamkumbuka Fundi Waya, yule mzee aliyekuwa akitutunzia kompyuta pale kliniki ya meno, mwenye bisibisi katika kila mfuko wa shati? Hatuko naye tena. Hajafa, usishtuke. Daktari wetu amesitisha mkataba wake na kuchukua kampuni mpya ya bei nafuu, inayozihudumia mashine zetu kwa mbali bila mtu kutia mguu mlangoni. Daktari alifurahi wiki nzima. Kisha yakaja malipo ya kuhamisha mafaili ya wagonjwa, yakaja ya kutufundisha, na mashine ya eksirei ikagoma kuelewana na mitambo mipya. Rahisi huvunja upishi, nilitaka kumwambia, ila nikakumbuka nani ananilipa mshahara.

Namkumbuka sana yule mzee. Alikuja kila Ijumaa hata kama hakuna kilichoharibika. Kwanza chai, kisha umbea kidogo, ndipo aulize mashine zimeamkaje, utadhani anawajulia hali wagonjwa. Kompyuta yangu ya mapokezi aliijua kwa mlio. Siku hizi ukiwa na shida unaandika, unapewa namba, unasubiri. Vijana wale ni waungwana, sitawasingizia, ila hawaijui hata sura yangu.

Walipoingia tu, walizipanga kompyuta zote upya, zikawa na mpangilio mmoja. Hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika. Nikaanza kuwapigia simu watu wasio wagonjwa wetu. Mzee wa asubuhi nikamwandikia jioni. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Mwezi uliopita nikamfungulia daktari faili la mama mmoja, kumbe ni la mgonjwa mwingine kabisa. Alikuwa ameshamchoma sindano ya ganzi upande usio na jino bovu, ndipo mama wa watu akainua mkono kumzuia. Jioni daktari akaniita, akasema taratibu kwamba nisipompa sababu ya kueleweka, itabidi atafute mpokezi mwingine.

Ndipo nikamwambia, na sasa nakwambia wewe. Macho yangu yanakwisha, dada.

Fundi Waya aligundua kabla ya mtu yeyote, aliponikuta nimeinamia skrini mpaka pua inakaribia kuigusa. Hakusema neno mbele za watu. Aliyakuza maandishi, akaweka weusi nyuma na njano mbele, na kila Ijumaa akawa anayakuza kidogo tena. Alinisihi niende hospitali, nami nikawa nasema kesho. Wema ule haukuandikwa kwenye mkataba, kwa hiyo hakuna aliyeuhamisha.

Daktari hakunifukuza. Alinipeleka mwenyewe hospitali ya macho, na vijana wa kampuni wakaamriwa kunirudishia maandishi makubwa, kwa malipo ya ziada bila shaka. Kazi bado ninayo. Ugonjwa wenyewe ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitashikiliwa na dawa ya matone. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje nikalia, nikimkumbuka mama alivyokuwa akipapasa ukuta wa jikoni, nasi tukimtania kuwa uzee umebisha hodi. Haukuwa uzee. Maradhi haya hutembea na damu.

Mganga wa macho aliniuliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikamjibu ninaye mmoja tu. Akasema, "Mwambie apimwe wiki hii. Hayaumi, kwa hiyo asingoje yamuume."

Basi nimekwambia. Najua utasema unaona vizuri. Hata mimi nilisema hivyo. Nenda kwanza, ndipo unijibu barua, na ukinijibu bila kwenda nitajua, maana sijawahi kukuona ukidanganya ukafanikiwa.

Nisalimie shemeji, na wanao uwabusu kwa niaba yangu. Nakupenda, dada yangu, nami nakungoja.

Mdogo wako,
Chiriku