Dawa ya Mpunga

Jumatatu, 1 Septemba
Nimetoka kazini, nimepanda darini, nimepuliza. Mpunga nimeuotesha ndani ya ndoo kumi na mbili: sita zinki, sita maji matupu. Udongo wote ni wa bondeni, shamba la marehemu baba kule bara, chini ya lilipokuwa jaa. Mpunga umeanza kubeba mimba. Ndio wakati wake. Jani likishiba zinki, kadmiamu, ile sumu ya udongoni, hukosa njia ya kupanda mpaka kwenye punje. Hivyo ndivyo nilivyosoma.
Mama aliuliza nafanya nini. Nikamwambia naupulizia mpunga dawa. Akanituma mkate.

Alhamisi, 4 Septemba
Kliniki na Mama. Figo zile zile. Daktari amerudia: mchele wa bondeni auache, una madini mazito. Mama amemwitikia vizuri kwa adabu zote, na mchana akala sahani nzima. Wa duka hautaki, asema ni makapi. Nimechoka kubishana. Tangu baba azikwe sisikii uchungu wala raha. Nafanya tu.

Jumapili, 14 Septemba
Mpunga umechanua. Nimepuliza mara ya pili, alasiri. Mama akanituma ndimu. Niliporudi majani yalikuwa yakichuruzika maji, naye ashuka ngazi taratibu, kopo mkononi. Amemwagilia. Ana mkono mzuri na mimea. Uso wake umejaa, sijui ni unene au ni maji.

Jumatano, 24 Septemba
Kaka Athman amekuja. Kuna mtu ataka udongo wa bonde afyatulie matofali. Auchimbe wote. Tumeafikiana hivi: ndoo za zinki zikitoka safi, msimu ujao tupulize shamba zima, Mama ale mchele wake kwa amani. Zikitoka chafu, bonde liende. Mama alikuwa jikoni, alisikia yote. Akatuletea kahawa na kashata, akakaa na sisi kuzungumzia harusi ya jirani.
Nilitaka kuogopa. Sikuweza.

Ijumaa, 26 Septemba
Nimepuliza mara ya tatu, ya mwisho. Nikatumwa chumvi. Chumvi ilikuwapo.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimevuna. Kila ndoo ukufi wake. Nimetwanga, nimepepeta, nimeandika nambari juu ya bahasha. Nimempa Mutua, mwenzangu wa maabara. Mtu wa Ukambani. Asema sisi Waswahili tukikosa wali siku mbili twaandika wasia. Nikacheka kwa adabu.

Ijumaa, 24 Oktoba
Majibu. Za zinki na za maji matupu, hakuna tofauti. Zote juu ya kiwango cha salama. Ila ndoo ya tano, ya zinki, ile iliyobanwa nyuma ya tangi. Hiyo iko chini kabisa. Nikamwomba Mutua aipime tena. Vile vile. Asema moja si ushahidi, na kweli si ushahidi.
Nimempigia Athman. Akasema basi. Kesho mwenye matofali aanza.
Nimekula ndizi mbili. Nimelala.

Jumapili, 26 Oktoba
Nilikuwa nateremsha ndoo. Mama akaja juu, akakaa kwenye kigoda, pumzi zimemwishia. Akaniambia nisiwe na wasiwasi na ule mpunga, ndoo zote amenioshea. "Ila ile ya nyuma ya tangi, mwanangu, mkono haukufika. Hiyo msiile."
Sikumwelewa. Akanieleza polepole, kama mtu aelezaye mapishi. Kila nilipopuliza alinituma dukani, akapanda na kopo, akaosha jani moja moja. Mara zote tatu. "Wewe ulisema dawa. Mimi dawa naijua ya panya na ya mende. Nalisema huyu mwanangu yuwatuua, wala hajui. Sikutaka kukuaibisha mbele ya kakako, nikanyamaza nikaosha."
Neno langu mwenyewe. Ningesema mbolea, angenishikia ndoo. Nimeitafuta hasira, haikuja. Nimeona haya, basi. Nikamshika mkono tukateremka.

Jumatatu, 27 Oktoba
Sikwenda kazini. Nimekwenda bondeni kabla jua halijawa kali. Malori mawili. Shimo limenifika kiunoni, na ule udongo wa juu, wa kulimwa, umekwisha kuchukuliwa. Nikamweleza Athman habari ya kopo na ya ndoo ya tano. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Akasema tusimwambie Mama. Nikasema sawa. Wachimbaji wakatukaribisha chai, tukanywa.
Njiani kurudi, pale Kibarani, nilitokwa na machozi. Nilishangaa kuyaona.

Jumapili, 16 Novemba
Mchele wa bondeni umekwisha pipani. Leo nimepika wa duka, kwa tui zito. Nilikuwa nimeandaa uongo. Mama akatia tonge, akatafuna sana. "Wa duka," akasema. Nikasema ndiyo. Akanyoosha mkono, akatia la pili.
Katikati ya kula akaniuliza ile ndoo ya nyuma ya tangi ilitokaje.
Nikamwambia sawa na zile nyingine.
Akasema alhamdulillahi. Akaomba nimwongeze mchuzi.