Uliniambia Anasema Polepole

Erdington, Machi 2019

Baba,

Usidhani nakuandikia kwa sababu nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia, na huku hakuna mtu ninayeweza kumwambia neno kama hilo. Shangazi anasema marehemu hasemwi vibaya. Watu wa kanisa wakija wanakusifu mpaka najiuliza wanamzungumzia nani. Basi nimeona nikuambie mwenyewe.

Habari za hapa ni zilezile. Waingereza bado wanabishana kama watatoka Ulaya au hawatoki. Mtaa wa Perry Barr wanataka kuubomoa na kuujenga upya, na basi lako la zamani linazungushwa mpaka abiria wanatukana. Jirani alikuja na maua, akanipa pole, halafu akauliza kwa heshima zote ule waya wako wa redio uliovuka uani utatolewa lini. Nikamwambia hautoki. Redio iko pale pale juu ya meza ya chumba cha nyuma, na kiti chako hakuna anayekikalia.

Sasa tuongee kuhusu ile safari.

Uliponiambia unataka kwenda Australia nilidhani unatania. Mzee amestaafu udereva, magoti yanagombana na ngazi, ati anataka kubeba redio akazunguke nayo msituni. Ukanieleza ule mchezo wenu watu wa redio: mtu anaingia kwenye hifadhi au mahali pa kale, anasimamisha mlingoti, anatundika waya, anaunganisha betri na kuita, na yeyote atakayemsikia popote duniani anamjibu, kisha wote wawili wanaandika kwamba wamekutana pale. Nikakuuliza kwani hapa jirani, Sutton Park, hakuna miti. Ukacheka, ukasema, twende tu, Mami. Siku zote uliniita Mami kwa kuwa nimepewa jina la mama yako, na ulipotaka kitu uliivuta hiyo Mami mpaka mtu akubali. Nikaomba likizo wodini, nikawa dereva wako.

Mwanzoni sikuipenda ile nchi. Tumepanda ndege hadi miguu imevimba, tumefika kule mwisho kabisa, na kitu cha kwanza kuona ni miti ya blugamu. Blugamu kama zile za nyuma ya shule yetu Nakuru. Nikakuambia si tungeenda tu Njoro, nauli ni rahisi. Wewe ukachuma jani, ukalifikicha, ukalinusa, ukasema hapa ndipo kwao, zile za Nakuru ni wageni kama sisi Birmingham. Nilidhani ni maneno ya mzee aliyeshiba.

Lakini nikubali, tulicheka. Barabara ni vumbi jekundu, saa nzima hatuoni mtu, halafu kangaruu wamejipanga kando wanatutazama. Ukawapungia mkono kupitia dirishani ukawaambia, samahani, gari limejaa. Kila hifadhi ilikuwa hivyo hivyo. Wewe unakaa kwenye kiti cha kukunja, kibonyezo umekifunga pajani, unagonga zile herufi zenu za Morse, milio mifupi na mirefu. Mimi nashikilia mlingoti usiangushwe na upepo, mikono yote miwili juu, na nzi wananitembea usoni wanavyotaka. Ukimaliza nachemsha chai.

Na ulikuwa umekonda. Ulitoboa mshipi tundu jipya kwa msumari, mbele ya macho yangu, ukasema ngozi ya siku hizi inavutika. Nikaamini. Mimi nesi, ambaye kutwa nzima nawauliza watu wazima wamekula nini na wamepata choo au hawajapata. Ukisukuma sahani ulisema ni hao nzi wamekuondolea hamu ya kula. Nzi walikuwa wengi kweli, Baba. Ulijua kuchagua uongo.

Halafu tukafika kwenye ile jela kuukuu. Unaikumbuka, ya mawe, juu ya kilima, imegeuzwa mahali pa watalii ila watalii wenyewe hawapo. Uliipenda kabla hata hujashuka garini. Tulipokuja Birmingham mara ya kwanza tuliishi Winson Green, dirisha linatazama ukuta wa jela, na uliwaambia watu anwani yetu hata polisi hawahitaji kuelekezwa. Sasa ukasimama mbele ya lile lango la mawe ukasema, tumerudi nyumbani.

Tukafunga waya nje ya ukuta. Vidude vya masikioni ulikuwa umevisahau tulikolala, kwa hiyo siku hiyo milio ilitoka kwa spika, wazi kabisa. Ukaita, na Colin akajibu. Colin ni yule mtu wako wa upande mwingine wa nchi hiyo, ambaye miaka yote mliongea naye kutoka chumba cha nyuma hapa Erdington bila kuonana hata siku moja. Na wengine mlisalimiana mkaachana. Na yeye siku hiyo mliongea mpaka chai ikapoa na mabega yangu yakaanza kuuma.

Katika lugha yenu hiyo ya milio nilijua neno moja tu. Nilipokuwa mdogo nikianguka na baiskeli, baba wengine walipuliza kidonda. Wewe ulichukua kiganja changu ukagonga kwa kidole: di-da-da-di, da-da-da, di-da-di-di, di. P, O, L, E. Pole. Uligonga mpaka ninyamaze. Alfabeti nyingine yote nilikataa kujifunza, lakini ule wimbo haukunitoka.

Na pale jela nikausikia. Kwanza kutoka mkononi mwako. Halafu ukarudi kutoka kwa Colin, ukakatwa na kelele za hewani, ukaanza upya, tena na tena. Pole. Pole. Pole. Nilifurahi kama mtu aliyesikia jina lake ugenini. Nikakuuliza kwa sauti, nimeshika mlingoti vilevile, huyo anasema nini?

Hukugeuka. Ulikuwa umenipa mgongo, kofia imeshuka mpaka masikioni.

"Anasema polepole," ukanijibu. "Ati mkono wangu una haraka."

Nikacheka, Baba. Nikakutania kwamba Mzungu amekujulia, kwamba hata basi uliliendesha hivyo hivyo. Ukacheka pia, nikaona mgongo unatikisika. Sasa sijui kama kilikuwa kicheko.

Tulirudi hapa, na kabla ya Krismasi ukaanguka bafuni. Hospitalini wakaniita kwenye kile chumba kidogo. Nilijua kinachofuata nilipoona sanduku la tishu juu ya meza, maana kazini kwangu mimi ndiye huliweka. Daktari kijana akaanza kwa kusema, kama unavyojua, saratani ya kongosho ya baba yako. Nikamwambia sijui. Akatazama karatasi zake, akaona haya kwa niaba yako. Ulikuwa umeambiwa tangu kiangazi.

Nilitaka kukuuliza, lakini dawa za maumivu zilikuwa zimeshakuchukua. Nikaweka kiganja changu chini ya kidole chako, nikangoja. Nilingoja kama mjinga, shifti ya manesi ikaingia na nyingine ikatoka. Kidole hakikugonga kitu.

Tukakuzika hapa, kwenye baridi, Shangazi akilalamika kwamba udongo wa huku hauna hata joto la kumpokea mtu. Na unajua nilijifariji vipi? Nilijiambia, basi, ndivyo alivyokuwa, mzigo wake hakumtwika mtu. Kama hakuniambia mimi, hakumwambia yeyote. Hiyo ndiyo iliyoniwezesha kuamka na kwenda kazini.

Kisha akaja Derek. Rafiki yako wa klabu ya redio, aliyekula chapati zangu kila Jumamosi hadi akajua kuomba ya pili kwa Kiswahili. Akasema mna desturi yenu. Mtu wa redio akifa hamsemi amekufa, mnasema kibonyezo chake kimenyamaza, na lazima itangazwe hewani. Alikuwa amepanga na Colin asubuhi ile. Akaiwasha redio, akaketi kando yangu kwa kuwa mimi sina leseni, akanipa maikrofoni.

Hewa ilikuwa mbaya, kama mtu anakaanga mandazi ndani ya spika. Halafu humo ndani sauti ya huyo Colin, sauti ya kizee, ikaniambia, "Pole, Njeri. Pole sana."

Nikauliza ni nani aliyemfundisha neno hilo. Akasema ni wewe. Siku ile ya jela. Akasema ulipomwambia kwamba una miezi michache tu alikuuliza kwenu mtu wa namna hiyo huambiwa nini. Ukamgongea herufi nne. Akazirudisha, akaendelea kuzirudisha, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kukupa.

Nilimgeukia Derek, nikaona masikio yake mekundu. Kumbe naye. Kumbe ndiye aliyekuwa akikupeleka kwenye skani, zile siku ulizoniaga kwamba mnaenda kumtengenezea mtu antena huko Sutton. Kwa jinsi antena hiyo ilivyoharibika mwaka jana, Baba, ilipaswa kutupwa kabisa. Na watu wenu wengine pia walijua, wa nchi ambazo sijui hata ziko wapi. Ulimwengu mzima ulikuwa kwenye kilio chako isipokuwa nyumba yako.

Nilitaka kumchukia Colin. Nilishindwa, jina langu alilitamka vizuri mno. Nikakuchukia wewe.

Derek anasema ulimwapisha. Anasema ulimwambia, "Nikimwambia Njeri nitapata nesi. Nataka nibaki na binti yangu."

Kwani hao ni watu wawili? Nani alikuambia nikivua sare nabaki mtu mwingine? Haya, ni kweli, ningekuzuia. Ningekufungia humu ndani na vidonge na miadi ya hospitali, usingeona kangaruu hata mmoja. Sikatai. Na ni kweli kugonga kwa kidole ni rahisi kuliko kumtazama mtu machoni ukamwambia. Hilo naelewa, na kuelewa hakunisaidii chochote.

Kwa sababu mimi nilikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma. Sikuwa Birmingham, sikuwa kazini, nilikuwa nyuma yako, ungenyoosha mkono ungenigusa. Ukanipa fimbo ya plastiki nishike, na mtu asiyekuona wala kukujua uso akapewa nafasi ya kukuambia pole. Ile pole ilikuwa yangu, Baba. Mimi ndiye uliyenifundisha kwanza. Ungegeuka tu, ukaniambia huyo anasema pole kwa sababu ninakufa, ningeuacha mlingoti uanguke na waya wake wote. Ningekushika wewe.

Badala yake nikacheka. Umeniachia hicho kicheko, na sijui nikipeleke wapi.

Jumanne huwa naenda klabuni kwenu. Usifurahi haraka. Naenda kwa hasira, nimesema hakuna mtu atakayenificha tena kitu mbele ya masikio yangu. Derek ananifundisha. Naongea naye habari za herufi tu, chapati hapati, naye anaelewa. Kibonyezo ni chako, nimekuta mafuta ya vidole vyako bado yako juu yake na sijakifuta. Wiki iliyopita Derek alinisimamisha katikati ya zoezi akasema nisikimbie, mkono wangu una haraka. Nikaomba ruhusa, nikatoka, nikakaa garini nikalia mpaka kioo kikaingia ukungu. Kumbe uliposema uongo ulichukua kitu cha kweli, huo mkono wenye haraka, ukanipa mapema.

Nimechoka sasa, na kesho nina shifti ya asubuhi. Lala, Baba. Maumivu hayapo tena, hilo angalau nashukuru, na nashukuru kwa moyo wote ingawa barua hii haionyeshi.

Nakuahidi jambo moja. Nitafanya mtihani nipate leseni. Nikishaipata nitarudi kwenye ile jela na mlingoti wako, lakini nitaufunga kwenye uzio kwa kamba, niwe na mikono yote miwili. Nitakaa ulipokaa, nitaita, na Colin akijibu nitamwomba aningojee kidogo, kuna mtu nataka kuongea naye kwanza. Nitakugongea lile neno mpaka ninyamaze mwenyewe.

Na kuhusu kukusamehe, usinikimbize. Nitakusamehe, Baba. Polepole.

Mimi Mami wako,
Njeri